Jenereta inachemsha ikibeba mzigo tu

MtuWaTegeta: Wakuu, nina jenereta ya dizeli ya 20 kVA, silinda 4, mizunguko 1500, iko ndani ya boksi lake la sailenti nyuma ya nyumba. Bila mzigo haivuki 85°C hata ikae saa nzima. Ikibeba 11 kW, dakika 25 haziishi inafika 104 na kujizima. Kulanti (maji ya kupozea) imejaa, mkanda wa feni mpya. Fundi anataka kutoa themostati (vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta). Nimruhusu?

Fundi_Dizeli: Usimruhusu. Kwenye injini nyingi themostati ikifunguka huziba na ile njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, maji mengine hayafiki kwenye rejeta na joto linaweza kuzidi. Kama mnaishuku, itieni kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto: iliyoandikwa 82 ianze kuachia karibu na hapo.

Mzigo sio tatizo, 20 kVA kwa pawa fakta ya 0.8 ni 16 kW, wewe unabeba 11. Ikiwa imebeba, pima joto la mpira wa juu na wa chini wa rejeta. Juu 95 na chini 50, maji hayatembei: rejeta imeziba ndani au pampu imechoka. Zikikaribiana, maji yanatembea, ila upepo haupiti.

MtuWaTegeta: Juu 98, chini 92. Lakini rejeta kwa nje ni safi kabisa.

Kilowati: Nje sipo pa kuangalia, mkuu. Feni ya jenereta nyingi husukuma upepo kutoka kwenye injini kwenda nje, kinyume na gari, hivyo uchafu huganda upande wa ndani. Weka swichi OFF na chomoa nguzo hasi ya betri kwanza. Ikiwa kwenye AUTO, umeme ukikatika inawaka mkono wako ukiwa kwenye feni.

Subiri ipoe, fungua kava ya feni, funika altaneta na nailoni. Pulizia dawa ya kuondoa grisi, acha dakika 10, suuza kutoka nje kwenda ndani kwa mpira wa bustani. Mashine ya presha ya kuoshea magari italaza mapezi (vibati vyembamba vya rejeta) yote. Angalia pia sponji inayozunguka rejeta. Ikibanduka, hewa moto inarudi ndani ya boksi.

MtuWaTegeta: Ndani ni tope la mafuta na vumbi. Sponji imebanduka upande mmoja.

Fundi_Dizeli: Mafuta hayo mara nyingi hutoka kwenye mpira wa briza (wa kupumulia injini) unaotemea mbele ya feni. Urefushe hadi nje ya boksi, usiukunje wala kuuziba, presha itasukuma sili za kranki. Bandika sponji, kisha ibebeshe mzigo saa nzima. Ikichemsha tena, na tanki la akiba likitoa mapovu mfululizo dakika chache tu baada ya kuwasha ikiwa baridi, hapo ndipo mfikirie gasketi ya hedi (kati ya bloku na kichwa cha injini).