Hashi ya ukurasa inabadilika kila mara ingawa hakuna jipya: nifuatilieje tovuti kwa terminali?

mwambao64
Wakuu, nina seva ndogo ya Debian 12, RAM MB 512, haina skrini. Nataka nijulishwe ukurasa wa zabuni ukiongezewa tangazo. Skripti inavuta ukurasa kwa `curl -sL`, inaupitisha `sha256sum` kupata hashi (alama fupi inayotokana na maudhui yake), inalinganisha na hashi iliyopita. Kila ikikimbia inasema kuna mabadiliko, nami nikifungua naona orodha ileile.

kamba_mbili
Hashi inasema kweli, ila unaipa ukurasa mzima. Ndani ya HTML kuna vitu vinavyozaliwa upya kila ombi: tokeni ya fomu, kaunta ya wageni, saa ya seva. Herufi moja tu ikigeuka, hashi yote inageuka. Vuta ukurasa mara mbili, `diff a.html b.html`, utaiona takataka yenyewe.

Achana na skripti, weka urlwatch, programu ya kufuatilia mabadiliko ya kurasa. Debian 12 inakataa `pip install` ya moja kwa moja, kwa hiyo tumia pipx, inayoweka programu ya Python mahali pake peke yake:

```
sudo apt install pipx
pipx install urlwatch
EDITOR=nano ~/.local/bin/urlwatch --edit
```

Ndani ya faili litakalofunguka (badilisha anwani na jina la jedwali viwe vya ukurasa wako):

```
name: Zabuni
url: https://example.org/zabuni
filter:
  - css: "table.matangazo"
  - html2text
  - strip
diff_filter:
  - grep: '^[@+]'
```

Nafasi tupu, si tabu. YAML, mtindo wa kuandika faili hili, haina msamaha hapo. Kurasa zikiwa nyingi zitenganishe kwa `---`. Hiyo `diff_filter` inabakiza mistari iliyoongezwa, la sivyo ujumbe utajaa hata mistari ya zabuni za zamani zilizofutwa. Kisha `urlwatch --test-filter 1` ikuonyeshe kilichobaki baada ya kuchuja.

pwani_root
Nyongeza: urlwatch haikai ikikimbia yenyewe, inaangalia mara moja na kutoka. Ratiba ni kazi ya cron, kiendesha-ratiba cha Linux (ifungue kwa `crontab -e`), na wengi hukwama hapa kwa sababu cron haijui `~/.local/bin`, pipx inakoweka programu. Andika njia kamili:

`*/30 * * * * /home/jina/.local/bin/urlwatch`

Nusu saa inatosha. Ukiipigia hodi kila dakika utafungiwa, na utakuwa umeyataka.

Kupokea taarifa kwa Telegram: `urlwatch --edit-config`, washa `telegram`, weka `bot_token` (ufunguo wa boti yako). Mtumie boti ujumbe wowote kwanza, ndipo `urlwatch --telegram-chats` itoe namba ya kuweka kwenye `chat_id`. Jaribu kwa `urlwatch --test-reporter telegram`.

mwambao64
Asanteni. `--test-filter` inaleta vichwa vya safu tu, jedwali halina kitu.

kamba_mbili
Basi jedwali linajazwa na JavaScript baada ya ukurasa kufunguka, na urlwatch inapokea HTML ghafi tu. Kuna `navigate:` badala ya `url:`, ila hiyo inaamsha kivinjari kizima, Chromium. Kwa MB 512 usijisumbue. Kwenye kompyuta yako bonyeza F12, ingia Network, chuja Fetch/XHR, pakia ukurasa upya. Mara nyingi utakuta anwani inayorudisha JSON, yaani data yenyewe bila ukurasa. Fuatilia hiyo, na kichujio kiwe `format-json` peke yake.

Ikirudisha 403 (umekataliwa kuingia), ongeza `headers:` yenye `User-Agent` ya kivinjari. Na kama seva yao huzimika-zimika, `max_tries: 3` itanyamazisha makosa mpaka yajirudie mfululizo.

mwambao64
JSON imepatikana, ila mpangilio wa matangazo unabadilika kila ombi.

pwani_root
Weka `- sort` chini ya `format-json`. Utapoteza muundo wa JSON, lakini mstari mpya utaonekana.