Tupeane uzoefu: Kiswahili Uganda, kutoka mdomoni mwa askari hadi darasani

Mwanzisha mada
Hamjambo ndugu zangu. Mtaala wa 2020 umekifanya Kiswahili somo la lazima kidato cha 1 na cha 2, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Lakini hapa Kampala wengi wanakielewa na hawataki kukitamka. Wenye kukifundisha au kukitumia kazini, leteni mbinu.

Mzee wa Mengo
Kwanza tujue kinachozuia. Maneno ya Kiswahili yaliingia Buganda, ufalme wa eneo hili la Kampala, na misafara ya pwani karne ya 19, na Kiganda, lugha ya Buganda, kikayapokea bila ugomvi: ssaawa, ekitabo, eddirisa, ssabbuuni. Ugomvi ulianza wakoloni walipotaka kukifanya lugha ya shule. Gowers, gavana Mwingereza wa Uganda, alikisukuma mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka (mfalme wa Buganda) Daudi Chwa akakipinga waziwazi kwa kuhofia Kiganda kitamezwa. Jeshini kikabaki, tangu enzi za KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza. Mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza lugha ya taifa. Aliyekua mjini miaka ile alikisikia kwenye kizuizi cha barabarani, mbele ya bunduki. Katiba ya 1995 ikataja Kiingereza peke yake kuwa lugha rasmi. Marekebisho ya 2005 ndiyo yaliyokipa Kiswahili nafasi ya pili. West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi, ni habari nyingine. Kule ni lugha ya sokoni, hakuna anayeshtuka.

Mwalimu wa Masaka
Mzee ametaja bunduki, nami naongeza sarufi yake. Waulize wazee Kiswahili wanachokijua, utapata amri tupu: "kuja hapa", "toa kitambulisho", "lala chini", "leta pesa". Hakuna "tafadhali" wala "naomba". Mtoto akirudi nyumbani akamwambia bibi "leta maji", bibi anasikia kizuizi kile kile, na kesho anamkataza.

Kwa hiyo wiki mbili za kwanza usifundishe amri kabisa. Anza na shikamoo na marahaba, kisha habari za nyumbani, za watoto, za shamba, maana Mganda naye hasalimii kwa neno moja. Halafu "naomba uniletee maji", "karibu, mama", "karibuni mkae". Wape kazi ya nyumbani: kumsalimia mkubwa mmoja na kuandika alivyojibu. Amri zije baadaye, pamoja na -eni ya wengi.

Ngeli zisiwatishe. Ondoa irabu ya mwanzo ya neno la Kiganda, mengi yanajifungua: omuti/emiti ni mti/miti, ekintu/ebintu ni kitu/vitu, omuntu/abantu ni mtu/watu. Panapokwama ni ka- ya udogo. Akaana (mtoto mdogo) inamfanya mwanafunzi aseme "kamtoto", na sisi tunasema kitoto. Chungeni pia okuwa, ambayo kwao ni kupa, na okutunda, ambayo ni kuuza. Mwanafunzi akiandika "natunda maembe" huenda anamaanisha yuko dukani, wala hayuko juu ya mti.

Dada wa Busia
Mimi niseme siku, kwa sababu huko ndiko pesa inakopotea. Kiganda kinahesabu kuanzia Bbalaza, yaani Jumatatu, kwa hiyo Lwakubiri ni Jumanne na Lwakusatu ni Jumatano. Kiswahili kinahesabu baada ya Ijumaa: Jumamosi ndiyo ya kwanza. Muuzaji wa mpakani akisema "Jumatatu", mnunuzi wa Kampala akasikia "tatu", atangoja Lwakusatu, na nyanya zitakaa siku mbili kwenye jua. Dawa yake: sema siku na tarehe pamoja, "Jumatatu tarehe 9". Darasani chora mistari miwili ya siku, mmoja chini ya mwingine, wanafunzi waone zinavyopishana kwa mbili. Saa hazina shida, ssaawa emu ni saa moja kwao na kwetu.

Mwalimu wa Masaka
Asante sana dada, hiyo ya mistari miwili naichukua.

Mtangazaji
Matamshi. Maandishi ya Kiganda yanaweka r baada ya e na i tu, penginepo ni l. Ndiyo maana rafiki inakuwa "lafiki" na barabara "balabala". Ukimwambia mtu "tamka r" hasikii tofauti. Mpe jozi zenye maana mbili: kura na kula, karamu na kalamu. Msomee sentensi, yeye anyooshe kidole kwenye picha, kabla hajatamka chochote. Sikio litangulie ulimi. Siku kumi, dakika tano tano, zinatosha kwa wengi. H ya habari nayo hudondoka, na ki huelekea "chi", kiti ikawa "chiti". Hiyo ya ki msihangaike nayo mwanzoni, inaeleweka. Kura na kula ndiyo ya kushughulikia mapema, hasa kwa anayeandaliwa kusoma matangazo ya uchaguzi.

Dada wa Busia
Na kwa wazee wasiotaka kabisa, je?

Mzee wa Mengo
Usiwalazimishe, mwanangu. Waulize maneno: hili dirisha mnaliitaje, sabuni je, saa je? Wakishajibu, waambie wamekuwa wakikisema tangu asubuhi.