Riwaya ya vijana kuhusu alkemia: maajabu yaingie wapi bila kuharibu historia?

Mwalimu wa Makulu

Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Ninasimamia klabu ya uandishi katika shule moja ya sekondari hapa Dodoma, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameanza kuandika riwaya ambayo matukio yake yanatokea Hamburg, Ujerumani, mwaka 1669. Mhusika mkuu ni binti wa miaka 15 anayechochea moto katika nyumba ya Hennig Brand, yule mwanaalkemia aliyechemsha mkojo akitafuta jiwe la wanafalsafa, ambalo watu waliamini kuwa lingegeuza madini duni kuwa dhahabu, akaishia kupata fosforasi. Katika sura ya tatu wamemfanya binti huyo atengeneze dhahabu kweli, na tangu hapo hadithi imelegea, kwa kuwa kila anapokwama anageuza sufuria kuwa dhahabu na tatizo linakwisha. Isitoshe, mmoja wao ameniuliza kwa nini msomaji wa Chamwino ajali habari za mkojo wa Hamburg, nami sikuwa na jibu.

Fundi Maabara

Mwalimu, ondoeni dhahabu. Brand hakuipata, na msomaji yeyote anayejua hivyo atawakatalia papo hapo. Maajabu mnayo tayari mezani: fosforasi nyeupe hung'aa gizani bila moto, huhifadhiwa ndani ya maji, na ikiachwa hewani huweza kujiwasha yenyewe kwenye joto la nyuzi 30 na kidogo hivi (kwa jua letu la Novemba, isingesubiri hata kiberiti). Mtoto wa karne ya 17 aliyeona mng'ao huo angekuwa na haki zote za kuamini kwamba kuna roho ndani ya chupa. Basi iwepo kweli hiyo roho, lakini idai malipo. Tena msiyabuni malipo hayo kutoka hewani, maana kazi yenyewe ilikuwa na malipo yake. Wanaalkemia wengi walipasha moto zebaki, na mvuke wake hauonekani wala haunuki, ila mtu anayeuvuta siku nyingi huanza kutetemeka mikono na kupoteza kumbukumbu. Wachimbaji wadogo wanaokamatisha dhahabu kwa zebaki kisha kuichoma wanakabiliwa na hatari hiyohiyo leo. Mwenye jamaa machimboni hataona Hamburg kuwa mbali.

Msomaji wa Kikuyu

Naunga mkono, nami niongeze kwamba sheria nayo ni adui mzuri katika hadithi. Uingereza ilipiga marufuku mwaka 1404 kuzidisha dhahabu na fedha kwa alkemia, na sheria hiyo haikufutwa hadi 1689. Hata hivyo Isaac Newton aliandika kurasa nyingi mno za alkemia, na nyingi hazikuchapishwa alipokuwa hai. Barua ya siri inayovuka bahari kutoka Hamburg kwenda London ingewapa sura nzima.

Kuhusu swali la Chamwino, jibu limo katika lugha yetu. Maandishi ya Kiarabu yanayohusishwa na Jabir ibn Hayyan, mwanaalkemia wa kale, yanafundisha kwamba metali zote huzaliwa kwa muungano wa vitu viwili, zebaki na salfa. Jina letu la zebaki limetoka Kiarabu. Na salfa kwa Kiarabu ni *kibrit*, ambayo kwetu ndiyo kiberiti. Halafu ule ubavu wa kisanduku tunaopigia njiti una fosforasi nyekundu, ndugu yake ile ya Brand. Kila mama anayewasha jiko anashika mkononi Jabir na Hamburg kwa pamoja, kwa bei ya duka la mtaani.

Mjukuu wa Mhunzi, Kondoa

Mimi ningewashauri waihame Hamburg kabisa. Warangi waliyeyusha chuma kwa tanuri na mivukuto, na katika jamii nyingi za Afrika kazi hiyo ilikuwa na miiko yake. Lakini msiwaite wahunzi wanaalkemia, Mwalimu. Mwanaalkemia alitafuta kitu asichokipata, wakati mhunzi alijua anachokitafuta na jembe likatoka.

Mwalimu wa Makulu

Nawashukuru nyote. Mjukuu wa Mhunzi, nimewasomea maneno yako darasani, wakayapenda mno kiasi kwamba wawili wamejitenga kuanza hadithi yao ya tanuri, nami nimewaruhusu. Waliobaki wamefuta dhahabu. Sasa kila mara binti anapoiamsha roho ya kwenye chupa, anasahau neno moja la lugha ya mama yake, na sura ya tatu inaisha akiwa ameshika mwiko jikoni, hajui unaitwaje.