Mrejesho: Uchovu wa mama na dawa ya amiodaroni

Niliuliza iwapo amiodaroni, dawa anayotumia mama kudhibiti mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, inaweza kumletea uchovu, kuhisi baridi na kuongezeka uzito, nanyi mkanisihi nisimwachishe dawa bali apimwe tezi ya thairoidi, tezi ya shingoni inayodhibiti kasi ya mwili kutumia nishati. Nawashukuru sana, kwa kuwa kipimo cha damu kimeonyesha kwamba tezi hiyo imepungukiwa nguvu.

Daktari alitueleza kuwa kidonge kimoja cha miligramu 200 kina takriban miligramu 75 za ayodini, kiasi kinachozidi mno mahitaji ya mwili kwa siku na kinachoweza kuidhoofisha tezi hiyo, na kwamba dawa yenyewe hujihifadhi katika mafuta ya mwili, hivyo hata ikisimamishwa leo athari zake huweza kuendelea kwa miezi. Kwa sababu moyo wake umetulia, hakuiondoa, amemwongezea levothairoksini, dawa inayofidia homoni ya tezi hiyo. Pia amepunguza dozi ya wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo amiodaroni huiongezea makali hadi kuhatarisha kutokwa damu, jambo ambalo binafsi naona tulistahili kuelezwa tangu mwanzo.

Mapafu na ini navyo vitaendelea kufuatiliwa, kwa kuwa amiodaroni huweza kuviathiri. Mama ameanza kuchangamka, na kipimo cha tezi kitarudiwa baada ya wiki sita.