Tupeane uzoefu: sisi tunaoiona nati kabla ya lori

MamaWawili: Jana mwanangu wa miaka 9, mwenye usonji, alilitazama zulia jipya la sebuleni na papo hapo akaonyesha uzi mmoja uliochomoka, ilhali mimi niliyelinunua sikuwa nimeuona. Nani mwingine huona kijisehemu kabla ya kizima?

Mpiga Chapa: Mimi hapa. Katika ukurasa mzima huiona kwanza nukta iliyokosekana.

Ukuta: Mimi nusura kiniue. Nilikuwa nikisubiri kuvuka barabara, na mbele yangu lori likitambaa kwenye foleni. Gurudumu lake la nyuma lilikuwa na nati 9 badala ya 10. Macho yaliganda pale, nikapiga hatua pasipo kujua, na bodaboda iliyokuja kinyume cha njia, upande wangu wa kushoto, ikanirusha mtaroni na kunivunja mfupa wa paja. Walioniokota waliponiuliza nimegongwa na nini, nilijibu, "Nati."

Mpiga Chapa: Pole sana. Na lile lori liliishia wapi?

Msomaji wa Usiku: Huo upande wa kushoto una maelezo yake. Watu wengi wakiambiwa waweke alama katikati ya mstari huikosea kidogo kuelekea kushoto, kwa kuwa nusu ya kulia ya ubongo, inayopokea picha ya upande wa kushoto, ndiyo inayotawala uangalifu wa macho. Watafiti Bowers na Heilman waliliandika jambo hili mwaka 1980. Zipo tafiti zilizoona kwamba mvuto huo hupungua kwa watu wenye alama nyingi katika dodoso la sifa za usonji, lile la maswali 50 lililotoka Cambridge mwaka 2001. Ukuta, kama nawe ni miongoni mwao, huenda ndiyo maana bodaboda ya kushoto haikukuvuta macho.

Nahodha: Basi Ukuta afumbe jicho la kulia, la kushoto lipate mazoezi.

Msomaji wa Usiku: Hapana, bwana. Kila jicho hupeleka habari kwenye nusu zote mbili. Kinachogawanyika ni eneo linalotazamwa.

Nahodha: Nilikuwa natania. Kwani hapa ni darasani?

Mpiga Chapa: Nimejaribu kwenye karatasi, nimekosea milimita 2 kuelekea kulia. Ndiyo nina usonji?

Msomaji wa Usiku: Huo ni wastani wa makundi, haumpimi mtu mmoja.

MamaWawili: Jamani, na uzi wangu?

Ukuta: Ukate.

Bi Mkubwa: Usithubutu, mwanangu, zulia litafumuka. Uzamishe kwa sindano.

MamaWawili: Nimeuzamisha. Ameshaniletea wa pili.