Moshi: nyumba ya kuishi kwa usaidizi, nikague nini?

Binti Majengo: Habari zenu. Kaka yangu ana ulemavu wa akili na kifafa. Tunataka ahamie nyumba ya watu wanne yenye wasaidizi. Nikague nini zaidi ya usafi?

Mlezi Pasua: Nenda Jumapili jioni bila taarifa, wasaidizi wakiwa wachache. Tazama nani anapika. Msaidizi akimfanyia kila kitu, kazi itaisha haraka lakini kaka atapoteza ujuzi aliokuja nao. Igawanywe: aanze kuchambua mchicha, akizoea aoshe, kisha akate. Na achague kwa macho: ashikiwe mashati mawili, asubiriwe kama sekunde 10. Swali likirudiwa upesi, anaanza kufikiri upya.

Nesi Soweto: Dada, daftari la dawa lisainiwe akishameza, si mwisho wa zamu. Dozi zikirukwa, kifafa hurudi. Muulize msaidizi wa usiku: kikipita dakika 5 utafanya nini? Jibu ni hospitali mara moja. Wakati huo alazwe ubavu, asitiwe chochote mdomoni. Halafu hili linaniuma sana: akianza ghafla kujipiga au kukataa chakula, wakague kwanza jino, sikio na kama anapata choo. Mara nyingi kinachoitwa ukorofi ni maumivu.

Binti Majengo: Asanteni. Na pesa zake?

Mlezi Pasua: Daftari lake peke yake, risiti, saini mbili kila zinapotoka. Likague kila mwezi. Wakikataa, tafuta nyumba nyingine.