Pishori ya Mwea: shingo za masuke zinaoza. Mbegu kinzani itapatikanaje bila kupoteza harufu?

JarubaLaThiba aliuliza:

Habari za kazi wakulima na wataalamu. Nalima Pishori (Basmati 370) ekari moja hapa Mwea. Urea niliweka mifuko miwili ya kilo 50 kwa mkupuo mmoja, wiki mbili baada ya kupandikiza. Majani yakapata madoa yaliyochongoka ncha zote mbili, katikati kijivu, kingo kahawia. Sasa mpunga unachanua na masuke mengine yamesimama meupe, ni mapepe. Je, nikipuliza dawa sasa yatapona? Na kwa nini hatuna Pishori isiyoshikwa na blasti (ugonjwa wa kuvu wa mpunga), wakati aina ya BW 196 inavumilia vizuri zaidi?

BwanaShamba_Kirinyaga alijibu:

Ndugu, kabla ya kununua dawa livute suke jeupe. Likichomoka kirahisi na chini limetafunwa, huyo ni kipekecha shina. Likigoma, na kile kifundo kilicho chini ya suke kimegeuka cheusi na kukatika ukikikunja, hiyo ni blasti ya shingo. Madoa unayoyaeleza yananielekeza huko.

Masuke yaliyokwisha kuwa meupe hayarudi. Shingo imekufa, chakula hakipandi kwenye punje. Dawa inalinda yale ambayo hayajaambukizwa tu. Trisaiklazoli, kwa mfano, haiui kuvu wa blasti aliyekwisha ingia. Inamzuia kutengeneza melanini, ile rangi nyeusi inayokaza kifuko anachotumia kutoboa jani. Ndani ya kifuko hicho kuna shinikizo la takriban megapaskali 8, kama mara 40 ya tairi la gari dogo. Bila melanini shinikizo halijengeki, basi hatoboi. Ndiyo maana muda ni kila kitu: puliza mpunga ukiwa na mimba kubwa, masuke ya kwanza yakianza kuchungulia, kisha rudia baada ya siku 7 hadi 10. Kwa unga wa asilimia 75 kipimo cha kawaida ni gramu 0.6 kwa lita, yaani kama gramu 10 kwa bomba la lita 16, na lita 200 za maji kwa ekari. Soma kibandiko, fuata siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na msimu ujao tumia dawa ya kundi jingine. Azoksistrobini, dawa nyingine ya kuvu, peke yake usiitegemee mfululizo. Japani kuvu huyu amekwisha izoea.

Tatizo kubwa lakini ni ile urea. Mifuko miwili ni kilo 46 za naitrojeni kwa ekari, mara moja. Majani yanakuwa laini, yanasongamana, umande haukauki. Na kuvu anahitaji jani libaki na maji saa 8 hadi 12 tu, joto likiwa nyuzi 20 hadi 28, aingie. Kwa Pishori mimi nisingezidi kilo 31.5 za naitrojeni kwa ekari: mifuko mitatu ya SA, yaani salfeti ya amonia (kila mmoja una kilo 10.5), mmoja siku 10 baada ya kupandikiza, wa pili mpunga ukichipua, wa tatu suke likianza kuumbika ndani ya shina. Ukiona madoa majanini, huo wa tatu punguza au uache kabisa.

Na maji! Wanaokausha majaruba kwa zamu waache kufanya hivyo kuanzia mimba hadi kuchanua. Mpunga uliokauka mizizi hushambuliwa zaidi. Shikilia sentimita 5.

MzalishajiMbegu alijibu:

Nijibu la Pishori kinzani. Inawezekana, na India wameshafanya: Pusa Basmati 1637, iliyotolewa 2016, ni Pusa Basmati 1 iliyotiwa jeni la kukinza blasti liitwalo Pi9, lililotoka kwa mpunga mwitu Oryza minuta. Pusa Basmati 1847 ya 2021 ina jeni nyingine mbili za ukinzani, Pi2 na Pi54, pamoja.

Harufu inatokana na jeni badh2 lililoharibika, na lazima litoke kwa wazazi wote wawili. Ukikutanisha Pishori na mzazi mwenye Pi9 asiyenukia, kizazi cha kwanza hakinuki kabisa. Wengi hutupa kazi hapo. Usitupe: kirudishie kwa Pishori. Nusu ya miche itabeba harufu kamili, nusu itabeba Pi9, kwa hiyo robo ina vyote. Miche 40 inakupa kama 10. Maabara hupima kipande cha jani mche ukiwa mdogo. Pasipo maabara, katakata gramu 2 za jani, tia mililita 10 za KOH (maji ya potasiamu hidroksidi) ya asilimia 1.7, funika dakika 10, nusa. Rudishia mara tatu, urithi wa Pishori unafika wastani wa asilimia 93.75. Kisha acha mmea ujichavushe: robo ya watoto watakuwa na Pi9 pande zote mbili, na hao hawatageuka tena.

Kazi ya mkono ni hii: alasiri kata theluthi ya juu ya kila ua ambalo halijafunguka, toa vifuko vyote sita vya chavua kwa kibano, funika kwa bahasha. Kesho yake, saa tatu hadi saa tano asubuhi, kung'utia chavua ya mzazi wa pili. Kifuko kimoja kikibaki, umepata Pishori ileile.

Mzazi akiwa Pusa 1637 harufu haipotei hata kizazi kimoja, ila mbegu ipitie KEPHIS (wakaguzi wa afya ya mimea Kenya) na kituo cha utafiti. Usiibebe mfukoni.

Suke_Mbarali alijibu:

Mkuu, nakubali yote ila jeni moja halitoshi. Kuvu akipoteza kile kitu ambacho jeni linakitambua, ukinzani unaanguka, mara nyingi ndani ya misimu michache. Kwanza pandeni zile laini 31 za majaribio za IRRI (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga) zenye jeni 24 za ukinzani hapo hapo Mwea, muone zipi bado zinashika, ndipo mchague jeni mbili au tatu za kuunganisha. Na pimeni shingo peke yake, kwa sababu mche unaopita kitaluni unaweza kuoza suke.

Yunnan, China, walipanda mistari ya mpunga wa kunata katikati ya chotara kinzani. Blasti kwenye ule wa kunata ikapungua kwa asilimia 94. Kwa Pishori siishauri mkivuna kwa mashine: punje za BW 196 zikiingia, bei imekwenda.

JarubaLaThiba:

Asanteni sana wakuu. Mabua na mbegu za shamba hili nifanyeje?

BwanaShamba_Kirinyaga:

Mbegu usichukue humo. Ukikosa nyingine, chuja kwa maji ya chumvi yanayoelesha yai bichi, suuza, halafu loweka kwenye maji ya nyuzi 60 kwa dakika 10 kamili na uitumbukize papo hapo kwenye maji baridi. Mabua usiyarundike karibu na kitalu, kuvu anakaa humo hadi msimu mwingine. Yaozeshe kwanza yawe mboji. Majivu ya maganda ya mpunga changanya kitaluni, nusu kilo kwa mita ya mraba. Silika yake inakaza majani.